Strungi Haijui Cheo: Mabruki Abdalla Aweka Sindano Chini

Bwana Mabruki Abdalla anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, baada ya kuitumikia hospitali yetu na chuo chake cha madaktari miaka ishirini na mmoja na miezi minne. Kwa hesabu ya serikali alibakiwa na miaka mitatu. Kwa nini hakuimaliza nitasema hapa hapa, maana stensili ya kijitabu hiki nimeikata mimi, Oloo, na mashine ya kuchapia iko mkononi mwangu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini nimekaa Kampala, nimekaa Dar, na kutoka Uthiru mpaka stesheni ya reli hakuna karani wa kunishinda Kiswahili. Anayebisha na alete chake.

Mabruki alizaliwa Majengo, Mombasa, katika ukoo wa washona kofia. Mnazijua kofia zile nyeupe zenye vitundu kama macho ya dagaa? Kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huweza kula miezi miwili. Alipokuja Nairobi hakupata wateja wa kutosha, akaajiriwa Februari 1957 kufagia vyumba vya upasuaji. Alipewa ufagio, ndoo na koti la kijani lililomfika magotini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba koti lile limeshonwa na mtu mwenye haraka.

Mwaka 1967 wanafunzi wa udaktari wakaanza kufundishwa kushona, kwenye vipande vya shuka kuukuu. Mabruki alikuwa akifagia nyuma yao. Akasimama, akaegemea ufagio, akacheka. Daktari Mwingereza aliyekuwa akifundisha akamuuliza kinachomchekesha. Mabruki akajibu, "Bwana daktari, hawa hawashoni. Wanachimba viazi." Akapewa sindano. Akashona mstari mmoja, nyuzi zimepangana kama meno ya kitana. Kuanzia siku ile chumba cha mazoezi kikawa chake. Yule Mwingereza alirudi kwao mwaka 1970. Alimwachia ufunguo. Barua ya kumtambua kazini hakumwachia.

Shuka, alisema Mabruki, si tumbo. Alikuwa amepanga chumba Waithaka, karibu na kichinjio cha Dagoretti, na kila Jumatatu na Alhamisi alipakia debe la matumbo ya mbuzi kwenye baiskeli mpaka mjini. Mbwa wa Kileleshwa walimjua kwa harufu. Asubuhi moja aliingia lango la hospitali na mbwa saba wa matajiri nyuma yake, kila mmoja na mkanda wa ngozi shingoni, na askari wa lango akapiga saluti akidhani ni msafara wa waziri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanafunzi alikata utumbo vipande viwili, akaviunga. Kisha Mabruki alifungua chupa yake ya chai, akamimina ndani ya utumbo strungi, ile chai kavu isiyo na maziwa ya watu wa pwani, akaulaza utumbo juu ya kitambaa cheupe na kuuminya polepole. Kitambaa kikibaki cheupe, umepita. Doa la kahawia likitokea, hakugomba. Alisema neno moja: "Rudia." Na mafundisho yake yote yalikuwa sentensi moja: ukivuta sana nguo hulia, ukilegeza tundu hucheka.

Daktari Philister Ajwang, ambaye leo ni mpasuaji wa kuogopwa, alirudia mara kumi na moja. Siku moja alitupa mkasi akalia, "Baba, hii chai yako itatumaliza!" Mabruki akamjibu, "Afadhali ikumalize wewe uliyesimama kuliko immalize aliyelala." Mara ya kumi na mbili kitambaa kilibaki cheupe, na binti yule wa Kisumu akakimbia ukumbi mzima na utumbo wa mbuzi mkononi kama aliyeshinda kombe.

Mwaka 1971 kijana mmoja alivujisha mara tano, akachoka, akaenda zake. Alikuwa kijana wa ulimi mzuri, na baba yake alijulikana. Mabruki aliandika kwenye karatasi ya daftari: huyu bado. Ofisi ikajibu kwa barua ambayo niliipiga taipu mimi mwenyewe, na vidole vyangu havijanisamehe mpaka leo: mfagiaji hana mamlaka ya kumwangusha mwanafunzi. Kijana akapasishwa. Mabruki aliisoma barua, akaikunja mara nne, akaendelea na kazi. Kufundisha alikuwa na ruhusa. Kusema "bado", hapana.

Jumapili moja ya Novemba 1976, mchana, ngiri aliyokuwa nayo Mabruki tangu ujana ilijinyonga, ikabana utumbo. Nilimleta mimi kwa gari la muuza maziwa. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, ikabidi kikatwe na utumbo uungwe. Daktari wa zamu aliingia amefunga kitambaa mdomoni na puani, lakini macho hayafungwi. Mabruki, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, akayatambua: ya yule kijana wa 1971. Akamuuliza, "Wewe ulipita strungi?" Daktari akaagiza dawa ya usingizi.

Siku ya sita mshono ulivuja. Daktari Philister alimfungua tena akamwokoa, lakini tundu lilibaki ubavuni na likatoa maji miezi saba. Nilipokwenda wodini aliniita karibu, akafunua blanketi, akanionyesha doa la kahawia kwenye shuka jeupe. "Oloo," akasema, "mwambie arudie."

Nilitaka kumtafuta yule daktari nimpige. Ngumi ninazo, waulizeni watu wa Kawangware. Lakini alikuja mwenyewe, akasimama upande wa miguuni, tai imelegea. "Mzee, nisamehe."

"Samahani haizibi tundu," Mabruki akamwambia. "Kaa hapo. Oloo, kalete matumbo."

Basi mimi, karani mzima wa serikali, nikapanda baiskeli yake mpaka Dagoretti, na wakati wa kurudi mbwa wa Kileleshwa wakanipokea kama mrithi. Siku nne, kila saa kumi jioni, daktari alishona kwenye meza ya dirishani, mgonjwa wake akimtazama. Siku tatu, doa. Siku ya nne kitambaa kikabaki cheupe. Mabruki akakigeuza mbele na nyuma. "Umepita," akasema. "Umechelewa miaka mitano, lakini umepita." Daktari akalia na sindano bado iko mkononi. Kisha Mabruki akaniamuru nisije nikaandika jina la mtu huyo popote. Siandiki.

Alirudi kazini akajaribu mwaka mzima, ila debe halikuinulika tena. Bodi ya afya ikaamua kwamba mtu asiyeweza kuinua kitu hawezi kufagia. Hiyo ndiyo habari ya miaka mitatu iliyobaki.

Aliomba kitu kimoja tu: barua ya kustaafu iseme Mwalimu. Anataka kuitundika ukutani Majengo, ambako shemeji zake humwita Daktari wa Ufagio, na mkewe, Bi Mishi, huinama akijifanya anachambua mchele. Ombi hilo nililipeleka ofisini mara tatu. Mara ya tatu wakaniuliza, "Oloo, mwalimu gani hana cheti?" Nikawaambia vyeti vyake vinatembea wodini, vimevaa makoti meupe. Wakanionyesha mlango. Kwa hiyo barua itakayosomwa leo inasema: Mfagiaji, Daraja la Tatu. Pamoja nayo atapewa saa ya ukutani. Mtu mmemwondolea kazi, halafu mnampa saa. Atazame nini?

Mimi sina cheo cha kumpa mtu cheo. Nina stensili. Ikishapita kwenye mashine hakuna wa kuirudisha, na nakala mia mbili mnazo mikononi. Tazameni jalada: limeandikwa Mwalimu Mabruki Abdalla. Bi Mishi, nakala yako nimeichapa kwenye karatasi nene, ya kukaa ukutani. Shemeji wakibisha waambie waje Nairobi, gharama ya strungi ni yangu. Na ofisi ikitaka kunifukuza inajua nilipo. Hata barua ya kunifukuza nitaipiga taipu mwenyewe, bila kosa.

Mwalimu, asante kwa kila mgonjwa aliyeamka akaenda nyumbani bila kukujua. Mungu akutulizie tumbo, akupe shuka lisilo na doa, kofia za kushona bila haraka, na shemeji wenye adabu.

Baada ya hotuba kutakuwa na chai. Nimeagiza jikoni mwenyewe: ni strungi, maziwa hakuna, na meza kuu isiulize. Madaktari wote mliopita mikononi mwake, simameni mwinue vikombe. Na wewe uliyepita karibu na kitanda chake, simama pia. Amesema umepita.