Mzee Subiri Kidogo Atua Begi la Kamera

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mpigapicha mkuu wa kiwanda chetu cha vitabu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara, na huko ndiko lilikobaki. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mama Mhariri Mkuu, tunamwita Mzee Subiri Kidogo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyewahi kusimama mbele ya kamera yake. Subiri kidogo, nabadilisha lenzi.

Mimi ni mpangaji kurasa. Kazi yangu ni kuweka maneno na picha mahali pake ndani ya kitabu, na maneno siku zote yalifika kwanza. Kamati ya hafla iliponiomba niandike wasifu huu sikuuliza kwa nini mimi. Hakuna aliyemsubiri mzee huyu kuliko mimi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu bado linatibiwa.

Safari hii, lakini, aliyekwama ni yeye. Mnaijua desturi ya hapa kazini: kila anayestaafu hutundika kwenye ukuta wa ngazi kitu kimoja cha kazi yake, kile anachojivunia. Mchapaji wetu wa kwanza alitundika ukurasa wa kitabu chake cha kwanza. Dereva alitundika usukani. Kwa mpigapicha hakuna cha kuumiza kichwa, ni picha tu. Kamati ilimwomba mapema, naye akaijibu kama mnavyojua anavyojibu. Mwanzoni mwa mwezi akaja mezani kwangu mikono mitupu, akavuta kiti, akasema hana. Miaka yote hiyo, na hana picha hata moja ambayo mtu anayepanda ngazi atasimama aiangalie. Nilikuwa nimeshaandaa utani wangu. Nilipoyaona macho yake nikaumeza.

Ili mwelewe mtu anawezaje kupiga picha nusu ya maisha yake akabaki hana picha, itabidi turudi nyuma.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, na kamera moja ya kuazima. Waliomkuta wanaapa kwamba siku hizo alikuwa anapiga picha nzuri sana. Kisha kiwanda kikamnunulia lenzi ya pili, na hapo ndipo tulipompoteza. Ya pili ilitaka ya tatu ya kulinganishia, ya tatu ikataka begi, begi likawa na nafasi iliyobaki, na nafasi tupu kwenye begi humnyima mpigapicha usingizi. Begi liliendelea kunenepa hadi bega lake la kulia likashuka. Fundi cherehani wake sasa hukata makoti yake yakiwa na bega moja chini, wala haulizi.

Baadaye akaletewa msaidizi wa mambo ya mwanga, huyu tunayemwita Fundi Taa. Uongozi ulitegemea kwamba wakiwa wawili kazi itakwenda haraka. Ilikuwa kama kumwita mlevi akusaidie kumchunga mlevi mwenzake. Kuna siku walianza wakati wa chai kubishana kama mkanda wa kamera uwe wa ngozi au wa kitambaa, na tuliporudi kutoka chakula cha mchana walikuwa ndio kwanza wamefika kwenye vifungo. Mgeni akiomba kuona kazi zao, walimwonyesha picha ya kamera mpya iliyopigwa na kamera ya zamani. Halafu ya zamani iliyopigwa na mpya, ili nayo isijisikie imetupwa.

Wakongwe watakumbuka habari ya kuku. Kitabu cha sayansi cha darasa la tano kilihitaji picha ya kifaranga akitoka kwenye yai, basi kuku akaletwa ofisini na mayai yake, akatulia chini ya meza ya mhasibu. Mzee akasimamisha stendi, Fundi Taa akafungua miavuli yake ya kusambazia mwanga wa taa. Yai likaanza kupasuka. Hapo hapo wakashindwa kukubaliana kuhusu lenzi, Fundi Taa akidai ile fupi itamtia kuku wasiwasi, mzee akidai kwamba yeye na kuku wameshazoeana. Walipopatana, vifaranga walikuwa wamekauka, wamesimama, na mmoja ameshaunyea mwavuli mmojawapo. Kitabu kilitoka na mchoro.

Halafu kuna siku mgeni rasmi alipokuja kuzindua mtambo wa kuchapia. Alikata utepe wakati mzee anafuta vumbi kwenye lenzi. Utepe ukaunganishwa kwa gundi ya majalada, mgeni akakata tena, kumbe mzee ameona vumbi upande wa pili. Mara ya tatu mgeni alimnyooshea mkasi, akamwambia kwa upole akate mwenyewe. Picha pekee tuliyobaki nayo ya siku ile ni ya mkasi ukiwa juu ya sinia, na nakiri kwamba sijawahi kuona mkasi ukipigwa picha vizuri namna ile.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Unyevu ni adui wa lenzi, mchele hunyonya unyevu, kwa hiyo lenzi zilihamia kwenye pipa la mchele. Shemeji yetu, mkewe, ni mwanamke mvumilivu, lakini kila uvumilivu una ukingo wake. Ameshapika mfuniko wa lenzi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili aliupakua kabisa kwenye sahani ya mzee, kando ya nyama, akamkaribisha ale kazi yake.

Picha zetu za vitambulisho alizipiga kwa taa nne, na kila kitundu cha ngozi kikajitokeza kutoa ushahidi. Mama Mhariri Mkuu alipoiona yake alisema kuna makosa, huyo si yeye. Siku ya pili akapita kimya kimya kuuliza kama ile lenzi mbovu ya zamani bado ipo.

Nisionekane sina shukrani. Vijana wote wa kitengo cha picha walijifunza kushika kamera mikononi mwake. Hajapoteza hata mfuniko, ukiacha ile miwili iliyoiva. Picha zake za majani, mizani, mifupa na rula zimo kwenye vitabu walivyosomea watoto wetu, na hakuna mtoto aliyewahi kushindwa kuhesabu mistari ya rula ile. Miwani ninayovaa sasa hivi nikiandika, yeye ndiye huzikaza skrubu zake kila zinapolegea, bila kuombwa, kwa bisibisi ndogo anayotembea nayo mfukoni. Nampenda mzee huyu. Ndiyo maana sikuweza kumwacha aondoke huku ana aibu ya ukuta wa ngazi.

Nikamwita Fundi Taa, tukaingia kwenye chumba cha kuhifadhia picha kutafuta. Rula tuliiweka kando, mkasi tuliubishania kidogo. Mwishowe tukabaki na kabati moja ambalo hakuna aliyewahi kulifungua isipokuwa mwenyewe, lenye bahasha za majaribio. Mzee akapita mlangoni, akatuambia tusijisumbue, humo hamna kitu. Kila lenzi mpya ilipofika aliijaribu kwa kupiga picha ile ile, kutoka dirisha lile lile, ya tangi jeusi la maji lililo juu ya paa la jengo la ng'ambo ya mtaa. Tangi lina maandishi meupe ya kampuni iliyolitengeneza, na kwa kuangalia herufi zinavyosomeka alijua kama lenzi inafaa. Juu ya kila bahasha aliandika hukumu yake.

Tulifungua. Tangi. Tukafungua nyingine, tangi. Mamia ya picha za tangi, la asubuhi, la mchana, la mvua. Nilicheka hadi nikakaa chini, na Fundi Taa, badala ya kunihurumia, akaanza kusifia weupe wa herufi.

Sasa mimi kwa kazi yangu jicho langu haliendi katikati ya picha. Linakwenda pembeni, maana huko ndiko ninakokata. Na huko pembeni, chini ya tangi, palikuwa na mwanamke anaanika nguo. Kwenye bahasha iliyofuata mwanamke ni yule yule, na tumbo limekua. Iliyofuata kuna mtoto ndani ya beseni, ametulia kama tajiri. Halafu mtoto anasimama kwa kushika ndoo. Halafu amevaa sare za shule, soksi moja imeshuka. Halafu binti mkubwa anasukwa nywele juu ya kigoda, amenuna. Tulizitandaza sakafuni kwa kufuata miaka, tukajikuta tumeizunguka familia nzima.

Tulimwita mzee. Alisimama mlangoni, akavaa miwani, akapiga magoti, jambo ambalo kwa begi lile huwa halifanyi. Akauliza watu hawa wametoka wapi. Nikamwambia wametoka kwenye picha zake. Akabisha. Akauliza kama kweli ni paa lile lile. Fundi Taa akamwonyesha tangi, mzee akalitambua mara moja, akasalimu amri. Miaka yote hiyo aliangalia herufi, na chini ya herufi watu wanaishi maisha yao.

Picha za watu hazitundikwi bila idhini yao, basi tulivuka mtaa sote watatu na bahasha zetu. Mama mwenyewe bado anaishi pale. Kwanza alidhani tumeletwa na malalamiko ya maji yanayovuja, akaanza kujitetea kabla hatujaamkiana. Alipoelewa, alikaa kitandani na picha mapajani, na cha kwanza alichokiona ni shuka lake la maua lililopotea zamani sana, likiwa limeanikwa kwenye kamba ya jirani, mchana kweupe. Alitaka hiyo ndiyo ikuzwe kuliko zote. Jirani ameshahama mji, lakini mama anasema hata hivyo, ukweli ni ukweli.

Binti yake alikuwepo. Ndiye yule wa beseni, sasa ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa anacheka na mama yake habari ya shuka huku akipekua, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameshika picha ambayo mimi niliipita haraka. Tangi katikati, na chini kabisa kwenye pembe, katikati ya nguo mbichi, mwanamume wa fulana amembeba mtoto mabegani. Upepo umewafunika kwa shuka hadi shingoni, vimebaki vichwa viwili tu, na vyote viwili vinacheka vinywa wazi.

Mama ndiye aliyetueleza. Yule ni baba wa binti. Alifariki mtoto akiwa hajajua hata kuhesabu, na picha waliyokuwa nayo siku zote ni moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kwa sababu ya jua. Binti alikuwa hajawahi kumwona baba yake akicheka. Alitamka hivyo hivyo, bila kuficha, machozi yanamtoka, na sisi tukaangalia sakafu.

Halafu akajifuta uso, akamgeukia mzee wetu, akamwuliza ni kamera gani hii, iliyoweza kumshika baba namna hii kutoka mbali kote kule.

Ninyi mnaofanya kazi hapa mnajua swali hilo lina maana gani kwake. Nimemwona akilijibu kutoka mkutano kuanza hadi watu kuhamishiwa chumba kingine. Fundi Taa alitafuta kiti kabisa, akakaa. Na jibu lilikuwepo, tena mkononi mwa mzee, kwenye bahasha ya picha ile, kwa mwandiko wake mwenyewe: jina la lenzi, na chini yake hukumu, kwamba haifai, pembe zake zimefifia, irudishwe dukani.

Mzee aliigeuza bahasha, maandishi yakaelekea chini. Akasema amesahau. Kisha akasogea karibu na yule binti na kumwuliza baba yake alikuwa anaitwa nani.

Jina alilotajiwa ndilo litakaloandikwa chini ya picha ya baba na mtoto kwenye ukuta wetu wa ngazi, peke yake, bila habari ya lenzi wala ya kamera. Hayo ni maagizo ya mzee mwenyewe. Nakala ya kwanza tumeshaipeleka ng'ambo. Mama na binti wamekubali kuja Ijumaa kuifunua, mchana, baada ya chakula, na tunaomba kila idara ifike.

Mzee wetu, kwa niaba ya wenzako wa kitengo cha picha, wa kurasa, wa mitambo na wa getini, tunakushukuru kwa kazi, kwa mafunzo na kwa vituko. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na furaha tele na shemeji yetu, wewe na nyumba yako yote. Ukipita mtaa huu usiishie nje, panda ngazi uje tunywe chai.