Aliyesema "Rudi Nusu" Alikuwa Mkewe

Kabla jeneza halijashushwa, familia inataka jambo moja lieleweke: marehemu Siméon Cirhuza hakuwa na nyumba ya pili Minto, mtaa mwingine wa Sydney. Kila Jumamosi alikwenda huko kumfundisha kemia Bi Elvire, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa maabara. Mkewe, Lydie, ndiye aliyemfungia chakula cha njiani.

Alizaliwa Bukavu tarehe 3 Machi 1971. Mwaka 1993, katika chuo cha ualimu, alipangwa meza moja ya maabara na Lydie. Walikuwa wakiidondoshea siki besi, kemikali inayomaliza asidi, kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita, wakipima pH, yaani kiwango cha uasidi, na kuchora grafu, ili wapate pKa, namba inayoonyesha nguvu ya asidi. Siméon akaisoma pale grafu inapopanda ghafla, asidi yote ikiwa imekwisha.

"Wee Siméon, umepitiliza!" Lydie alimwambia. "Hapo imeingia mililita ishirini na nne. Rudi nusu, kwenye kumi na mbili. Asidi nusu imebaki, nusu imegeuka. pH ya hapo ndiyo pKa."

Ikatoka 4.8, kama kitabuni.

"Sasa dada, utanirudisha nyuma mpaka lini?"

"Mpaka unioe."

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995. Walifika Sydney mwaka 2009. Siméon alibeba maboksi ghalani miaka sita, kisha akaajiriwa katika maabara ya kupima maji. Alikuwa wa kwanza kanisani kwetu Blacktown kuvaa koti jeupe la maabara, na alilipiga pasi mwenyewe.

Saratani ya ini iligunduliwa Novemba 2024. Alifariki hospitalini tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Hakukuwa na mwingine chumbani.

Jana kwenye maombi Bi Elvire alisimama akilia: "Mwalimu aliniachia neno lake, 'rudi nusu'. Alisema ni langu." Familia inamshukuru kwa machozi yake. Neno hilo lina mwenyewe. Daftari la 1993 lipo, mwandiko ni wa Lydie, na asiyeamini aje alione. Kwamba neno hilo lilipelekwa Minto, mkewe alisikia jana, mbele ya kanisa zima.

Ameacha mke mmoja, Lydie. Watoto wawili, Ketsia na Moïse. Na mjukuu mmoja. Bi Elvire alikuwa mwanafunzi.

Mungu ampe Siméon pumziko jema. Kuhusu Jumamosi, mjane amekwisha kusema. Asiulizwe tena.