Mwalimu Chaji na Puto Lililohamisha Stoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusugua vitana, mwalimu wetu wa sayansi, ambaye hata mbele yake tunamwita Mwalimu Chaji, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mwalimu wa lugha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Maputo yake yamepasuka katikati ya vipindi vyangu vya ushairi kwa muda mrefu, hivyo heshima hii naona ninaistahili, pamoja na pole kidogo.

Alipofika hapa alikuta shule isiyo na maabara wala dalili ya kuipata. Hakulalamika. Aliingia darasani na kitana cha plastiki, sweta la sufu la mumewe, puto moja na karatasi iliyochanwa vipande vidogo. Akasugua kitana kwenye sweta, akakisogeza juu ya vile vipande, navyo vikaruka kukidandia. Kisha akafungua bomba kidogo, akakiweka kitana karibu na uzi wa maji bila kuugusa, na maji yakapinda kukifuata. Watoto waliotoka pale walikuwa wameshaelewa umeme tuli ni nini: kusugua kunahamisha chembe ndogondogo kutoka kwenye sweta kwenda kwenye kitana, kitana kikabaki na chaji hasi na sweta chaji chanya. Zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Kanuni hiyohiyo ameitumia kusuluhisha ugomvi wa ofisi ya walimu, na pia kueleza kwa nini yeye na mumewe, mtu asiyesema neno mpaka chai iishe, wamedumu.

Neno hilo la chaji lilikuja kumletea balaa simu za mkononi zilipoanza kuenea. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, na watoto wakatangaza majumbani kwamba mwalimu wao anapata chaji kwa kitana. Kesho yake asubuhi akina mama walikuwa wamepanga foleni nje ya darasa, simu mkononi. Mmoja mwenye ustaarabu zaidi alikuja na kitana chake mwenyewe, asimchakazie mwalimu kitana chake. Mwalimu mkuu wa wakati ule alitoka kuwatawanya, akawatawanya vizuri sana, halafu akabaki nyuma na kuuliza kwa sauti ya chini kama simu yake nayo ingechukua muda. Ikabidi aelezwe taratibu kwamba chaji ya kitana ni chaji kweli, ila ni kidogo mno na hutoroka upesi, na mtu anaweza kusugua mpaka apate upara bila simu kuwaka. Jina likabaki palepale.

Si kila mzazi alimpenda. Mafuta ya nywele huharibu jaribio, kwa hiyo siku za umeme tuli aliwapiga marufuku watoto kujipaka, nao wakaja shuleni vichwa vimepauka, na bibi mmoja akafika kuuliza ni shule gani hii inayowakataza watoto kupendeza. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa na nywele nyingi kuliko sisi wote, alikuwa kifaa rasmi cha kusugulia puto. Aliponyoa kwa ajili ya harusi yake, Mwalimu Chaji alimpa hongera kwa uso wa mfiwa.

Hatimaye alipewa chumba cha mwisho wa korido. Paa lilivuja, lakini kilikuwa chake, akakipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoisubiri muda mrefu. Ndipo mtunza stoo, mtu mpenda nafasi, akaanza kukitaka kiwe cha kuhifadhia viti. Shauri likafika kwa mkaguzi, naye akasema atakuja kuona kama kuna sayansi ya maana inayofundishwa mle. Isipokuwepo, chumba kingekwenda stoo na sayansi ingerudi kufundishwa kwa ubao na kwa mdomo. Tulimjua Mwalimu Chaji kuwa mtu wa kicheko, lakini wiki ile hakucheka. Aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa.

Siku ya ukaguzi ikanyesha mvua ya kukata na shoka. Kitana kilisuguliwa, karatasi zikalala. Puto likabandikwa ukutani, likateleza taratibu mpaka sakafuni. Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni na kufuli jipya mfukoni, akimsikitikia kwa sauti. Mwalimu Chaji akamweleza mkaguzi kwamba hewa yenye unyevu huiba chaji, na kwamba anaomba mahali pakavu tu. Mahali pakavu shuleni tulipajua wote, kwa kuwa mtunza stoo hakuwahi kutupumzisha na majigambo: stoo yake inapakana na jiko, ina joto, na mchele wake haujaota ukungu hata siku moja. Angekataa, angekuwa amekiri kwamba stoo ina unyevu. Akafungua.

Mle ndani puto lilisuguliwa kwenye sweta mara chache tu, likaachiwa, likamganda mtunza stoo kifuani, kwenye koti lake la kazi. Alilipangusa kwa heshima, likahamia kwenye mkono wa koti. Alilitoa huko, likamfuata tumboni. Mkaguzi, ambaye hakuwa ametabasamu tangu ashuke garini, alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la maharage. Alipopata pumzi alitoa uamuzi: sayansi ihamie stoo, stoo ihamie mwisho wa korido. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na paa lile lililovuja miaka yote juu ya watoto lilizibwa wiki hiyohiyo, kwa sababu viti vya ofisi havipaswi kunyeshewa.

Tangu hapo wamekuwa marafiki, kama waya wa umeme wa moto na ule wa baridi, na ni mtunza stoo aliyejitolea kuandaa sherehe ya kumuaga na kupuliza maputo yote kwa mdomo wake. Mwalimu Chaji, asante kwa watoto wengi waliojifunza kwako kwamba maajabu yanaweza kutoka kwenye kitana cha nyumbani. Nenda ukapumzike salama, na mzee wako akupe sweta lake bila kuuliza.

Siku ya kukuaga tutabandika puto ukutani kwa heshima yako. Likikataa kushika wakati nje jua linawaka, usitafute paa linalovuja. Unyevu utakuwa unatoka machoni petu.