Kibuyu cha Mwalimu Phineas

Mwaka wa pili wa Uhuru, katika mashua ya abiria iendayo Siyu, Mueni alitega sikio. Mbele yake Mwalimu Phineas, mtu wa bara, alikuwa akimweleza Bwana Jeilani, mkulima wa Siyu, kwamba ameomba uhamisho mwenyewe. "Huko Lamu tembo ya mnazi ilinifuata hadi mlangoni. Mkristo hapigani na majaribu, Bwana. Anayakimbia."

"Ndia njema hiyo," Jeilani akasema, akikitazama kibuyu kilichochungulia kikapuni mwa mwalimu. "Na hicho?"

"Cha maji."

"Chanuka tembo."

"Aliniachia marehemu baba. Nitakitupaje?"

"Sikwambii ukitupe, mwalimu. Nauliza ni nani aliyekimbia, ikiwa mumekuya nyote wawili."

Mueni nusura acheke. Mwanamume mzima na kibuyu chake! Kisha kicheko kikamkwama. Mkobani mwake, chini ya Biblia, zilikuwamo barua za mume wa mtu, zile alizoapa kuzichoma kabla ya kuondoka Lamu.

Mashua ikakwama topeni, abiria wakaanza kushuka majini. Mwalimu akakikumbatia kibuyu kisije kikavunjika. Mueni naye akauinua mkoba juu ya kichwa, barua zisilowe.