Mzee Bega Amuaga Mamamkwe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupigwa na bunduki kutoka upande wa kitako, mjaribu silaha mkuu wa karakana yetu, ambaye sote tunamwita Mzee Bega, alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini. Tulijitokeza kwa wingi. Wengine walikuja kumuaga, wengine walikuja kuhakikisha kwamba kweli anaondoka.

Kwa wasomaji wageni wa jarida hili: karakana yetu hukarabati bunduki kubwa za mitutu miwili, zile za wawindaji wa enzi za mababu, ambazo mdomo wa mtutu mmoja unameza kidole gumba bila kugusa kingo. Fundi akishamaliza kazi, lazima mtu aipige kwanza kabla haijarudishwa kwa mwenyewe. Risasi huenda mbele kwa nguvu, na kitako hurudi nyuma kwa hasira ileile, kikamkuta mpigaji begani. Mimi ndiye mchonga vitako wa karakana, kwa hiyo kila alipoumia, mtu wa kulaumiwa alikuwa karibu.

Alianza kazi kama mfagizi wa uwanja wa shabaha. Mjaribu aliyekuwepo aliacha kazi ghafla, mkono ukiwa umefungwa kwenye kitambaa shingoni, uongozi ukatafuta wa kujitolea, naye akahesabiwa amejitolea kwa kuwa siku ile hakuwepo kukataa. Mwezi wake wa kwanza alijaza risasi mitutu yote miwili, akavuta kifyatulio cha kwanza, bunduki ilipomrudi kidole kikateleza hadi cha pili. Mitutu ikaitika kwa pamoja. Walimkuta chali, kofia iko upande wa pili wa uwanja, akadai anakagua paa. Uwanja wa shabaha hauna paa.

Tangu hapo akawa mwalimu. Hakuna mteja aliyeponyoka mawaidha yake: simama, usikae, uzito uweke mguu wa mbele, kitako kikaze begani, kisha iache ikuchukue, usishindane nayo. Mfanyabiashara mmoja mwenye kifua kipana alijibu kwamba yeye haelekezwi. Alirudi nyumbani na pua iliyovimba, iliyopigwa na kidole gumba chake mwenyewe. Mzee Bega alimpa leso kwa upole, halafu akakisimulia kisa hicho miaka kumi mfululizo, na kila mwaka pua ilizidi kuvimba.

Tumpe haki yake. Hakuna bunduki iliyopita begani kwake ikarudi kwa mwenyewe na kasoro. Kubwa kuliko zote, ile ya kwetu wenyewe tunayowaonyesha wageni, aliibatiza Mamamkwe, kwa sababu akikugusa leo unamkumbuka wiki nzima. Alijipiga kifua kwamba hajawahi hata kuyumba mbele yake.

Lakini umahiri wake hasa ulikuwa kutuaibisha. Bunduki nzito humfundisha mtu woga. Ukishapigwa mara kadhaa, mwili hujifunza kuruka kabla ya mlio, macho yanafumba, bega linakwepa, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Ili kuwanasa waoga, Mzee Bega alichonga kwa mkono wake risasi bubu: shaba tupu, hazina baruti, lakini kwa macho na kwa uzito huwezi kuzitofautisha na za kweli. Anazitia kimyakimya, anakukabidhi bunduki. Unavuta, inalia “ta”, na wewe umesharuka kama uliyekanyaga kaa la moto. Mimi alinifanyia hivyo mbele ya baba mkwe wangu. Sijasahau, na wasifu huu si mahali pa kusamehe.

Mwaka huu uongozi, badala ya kujisumbua kutafuta mrithi, ulikuja na wazo la kiuongozi. Mkurugenzi alitangaza kwamba siku ya kuagana Mzee Bega atampiga Mamamkwe mitutu yote miwili mbele ya wageni, na akisimama imara ataongezewa mkataba wa miaka miwili. Mzee Bega alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Hakusema kwamba daktari ameshamwambia misuli ya bega imechanika, na pigo moja tu la namna hiyo litamwachia mkono usioinuka tena. Hayo tuliyapata kwa mkewe, fundi cherehani, aliyekuja karakana bila mumewe kujua.

“Shemeji,” aliniambia, “huyu mtu mwaka mzima anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, eti anafanya mazoezi. Mimi nimeshaongea mpaka nimechoka. Hiyo bunduki si mnaijaza nyinyi? Basi fanyeni mnavyojua.”

Nikafanya ninavyojua. Nilizitoa risasi bubu kabatini, na sitaficha kwamba pamoja na huruma nilikuwa na furaha tele. Nusu ya karakana niliwanong’oneza wawahi viti vya mbele.

Ijumaa ikafika. Mzee Bega, ndani ya suti, alimfungua Mamamkwe, akaona shaba mbili zikimeta mahali pake, akamfunga. Akamwinua hadi begani. Wageni wakaziba masikio. Akavuta.

“Ta.”

Aliruka hatua nzima nyuma, macho yamefumba, bega limejikunja hadi sikioni.

Kicheko hicho tulikuwa tumekiweka akiba kwa miaka. Hakikutoka. Uwanja mzima ulikuwa umeruka pamoja naye. Mkurugenzi alikuwa amemwagia soda hotuba yake, mhasibu alikuwa amemkumbatia dereva, na mimi, niliyezitia zile risasi kwa mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimejikunyata nyuma ya kiti. Aliyebaki ametulia ni mkewe tu.

Mkurugenzi akauliza kama bunduki ni mbovu, maana nyingine ipo. Mzee Bega akaifungua, akatoa risasi moja, akaitambua. Ni kazi yake. Akanitazama. Angenitaja tu, kibarua changu kingeota nyasi palepale. Badala yake alizitia zote mbili mfukoni.

“Bunduki nzima, bosi,” alisema. “Bovu ni bega. Mkataba mpeni mwingine.”

Ndiyo kauli fupi kuliko zote alizowahi kutoa hapa kazini, na ya kwanza isiyotiwa chumvi. Alikuwa akiipenda kazi hii kuliko mkono wake, na aliiacha kwa maneno machache mbele ya watu wote. Nilitokwa na machozi, na mtu asiniambie ni moshi wa baruti, kwa sababu hapakuwa na moshi.

Jumatatu Mkurugenzi alimpigia kumbembeleza arudi. Simu ilipokewa na shemeji. Mazungumzo hayakuchukua muda, na tangu hapo Mkurugenzi ameanza kuyaangalia mabega yangu.

Kaka yetu, kwa bunduki zote ulizozipokea kwa mwili wako ili wenyewe wazipokee kwa mikono yao, tunasema asante. Ukapumzike vyema. Na mlango ukigongwa kwa nguvu, usiruke. Tuliobaki huku tutaruka kwa niaba yako.