Triza Kageha, Aliyesimama na Dripu

Marehemu Triza Kageha, ambaye wengi wenu hapa Kaloleni mlimwita Mama Kitonga, alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 karibu na Mbale, Maragoli, akasoma huko hadi darasa la nane, kisha mwaka wa 1961 akaja Nairobi kusomea uuguzi na ukunga. Aliajiriwa katika wodi ya uzazi mwaka wa 1964, na tarehe 12 Agosti 1967 akafunga ndoa kanisani na kaka yangu Kyule Musau, karani wa reli, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Kitonga, baada ya uchungu mrefu ambao Triza aliwasimulia hata watu wasiouliza.

Kazini alikuwa mkali, na kilichomkosesha raha ni mimba zilizopitisha siku. Miaka ya karibuni, madaktari walipokuwa wakilinganisha njia za kuanzisha uchungu, yaani kidonge cha kumeza, kidonge cha kuwekwa kwenye njia ya uzazi, na dawa ya dripu inayopitishwa mshipani, yeye alisimama na dripu, akisema, "Dripu ikizidi naifunga na mkono wangu, hiyo tembe ikishaingia nitaifuata wapi?" Daktari Wekulo wa wodi hiyo alimjibu kwamba dripu nayo huhangaika bure ikiwa mlango wa uzazi bado mgumu, wakabishana hadi chai ikapoa, na hakuna aliyeshinda.

Tarehe 4 Septemba mwaka huu wa 1997 presha ilimwangusha jikoni, akalazwa, na tarehe 11 akatutoka. Kamene, mke wa Kitonga, ni mjamzito na alikuwa tayari amepitisha siku zake za kujifungua, na Triza alikuwa amemwahidi kumshika mkono mwenyewe wakati wa kujifungua. Baadhi ya wazee wetu wakasema uchungu hauanzishwi kwa dawa maiti wa nyumba akiwa hajazikwa, Kamene naye akashikilia hilo, Kitonga akawa anaingia na kutoka bila kujua anatafuta nini, huku mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Leo asubuhi Kyule, mfiwa mwenyewe, alisema mkewe angetufukuza sote nyumbani kwa upuuzi huo, akaagiza Kamene apelekwe hospitali. Mlango wa uzazi ulikuwa bado umefunga, Daktari Wekulo akamwekea kidonge. Ndiyo sababu Kitonga hayupo hapa, na mkiniona nikitazama mlangoni nikisoma, mnivumilie, tangu hapo hatujapata habari yoyote.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Sahro aliyemwosha na kumlisha Triza alipolazwa, majirani waliotupikia, na wakunga wenzake waliobadilishana zamu ili wafike.

Mama Kitonga, tunajua ungetaka dripu, na Kamene akiondoka alisema utamkasirikia kwa kuanzishwa uchungu kabla hujazikwa, lakini mambo haya tulizoea kukuuliza wewe, na leo hukuwepo. Lala kwa amani, shemeji.