Nyumba Nzuri Isiyonunuliwa

Benchi lenyewe ni la saruji, refu kama lile la kungojea daktari, limeegemea ukuta wa nyumba chini kabisa ya dirisha la sebuleni, na hapo ndipo kijiwe kinapokaa kila alasiri jua likishahamia upande wa pili wa barabara. Kuna Shangazi, mwenye birika la kahawa na jiko lake la mkaa, ambaye hana mpwa hata mmoja anayejulikana. Kuna Fundi Bomba, anayekuja na spana mfukoni hata siku ya mapumziko. Na kuna Wakili, ambaye si wakili, aliwahi tu kumsindikiza shemeji yake mahakamani na tangu siku hiyo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. Nyuma ya dirisha, nyuma ya pazia, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, kasimama mama mwenye nyumba, bado binti kwa umri, anachungulia barabara, maana dalali kapiga simu kwamba leo kuna mteja, na huyu naye akiponyoka basi hajui tena afanyeje, nyumba waliyoachiwa na marehemu mama mkwe haipati mtu, mumewe yuko kazini huko mbali kwenye chumba kimoja cha kupanga, wakiuza tu watapata kijumba kule kule wakae pamoja kama watu, wasipouza ndiyo hivyo tena, simu asubuhi, simu jioni, imeuzwa? bado. Na mara ya mwisho mumewe alipokuja, mtoto alimtazama, akajificha shingoni kwa mama yake, kisha kwa adabu zote akamwamkia: "Jomba!" Wanaume wote anaowajua mtoto huyu ni wa benchini, na wote ni wajomba. Baba mtu alicheka. Alicheka mpaka akatoka nje, na huko nje akakaa kitambo.

Basi binti yule akawa anasikiliza, maana benchini walikuwa wanaijadili nyumba yake kana kwamba ukuta hauna masikio.

— Tatizo ni soko, alisema Fundi Bomba. Soko limelala fofofo. Mtaa huu peke yake, ile ya geti jekundu inauzwa, ile ya mwalimu inauzwa, ile ya kona imeuzwa nusu halafu mnunuzi akakimbia. Hakuna anayenunua.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Wakili.

— Enhe. Sasa?

— Sasa nyumba hii umewahi kuiona inatembea? Haijitembezi. Kwa hiyo si mbaya. Lakini haijiuzi pia. Kwa hiyo si nzuri. Hapo ndipo sheria inapochanganyikiwa.

— Kinachochanganyikiwa ni wewe, alisema Shangazi akimmiminia kahawa. Mimi nawaambia marehemu kaishika. Mimi na yeye tumekaa benchi hili miaka na miaka, namjua. Alikuwa hawezi kumpa mtu hata sufuria ya kuazima bila kuiulizia siku hiyo hiyo. Leo atoe nyumba nzima?

— Acha hizo, Shangazi. Ni simu hizi. Fundi Bomba aliinua simu yake yenye kioo kilichopasuka. Zamani mtu akitaka kuona nyumba, lazima aje. Akishakuja, aibu inamshika, ananunua. Siku hizi anaiona hapa, ameshaingia sebuleni, ameshaingia jikoni, ameshatoka, amelala kitandani kwake karidhika. Ya nini anunue?

— Nyie mko chini, hamjapanda juu, alisema Wakili, na alipunguza sauti, ikawa kubwa vilevile. Matajiri walikaa hotelini. Wakakubaliana: asinunue mtu. Tuziache nyumba za watu wadogo zichakae mpaka wenyewe watuletee funguo mkononi. Nimeambiwa na mtu aliyekuwa akipeleka soda mle ndani.

— Na wewe ukaamini?

— Mpaka nilipoambiwa jambo kubwa zaidi. Kuna kiwanda kinatengeneza nyumba nzima nzima kama mikate. Unaagiza, inaletwa na lori, ikiwa bado ya moto. Watu wenye akili wanasubiri hizo. Na wenye akili zaidi wanasubiri viwanja vya mwezini.

— Mwezini maji watayatoa wapi? aliuliza Shangazi.

— Hapo ndipo nami nitakapopata kazi, alisema Fundi Bomba, na wote wakacheka.

Hata binti nyuma ya pazia alikaribia kucheka, ndivyo walivyo, mtu hawezi kuwachukia. Lakini Fundi Bomba akaendelea.

— Na si kwamba hatujasaidia. Yule bwana wa kwanza, yule mwenye tumbo, nilimkamata pale pale akitoka. Nikamwambia, mzee, kuhusu mabomba lala usingizi, nyumba hii mabomba yake nayajua kama wanangu. Hakuna mwezi sijayatengeneza.

Nyuma ya pazia, mkono wa binti ulishika ukuta.

— Vizuri kabisa, alisema Wakili. Mimi yule kijana na mchumba wake niliwatoa wasiwasi wa kisheria. Nikawaambia hii nyumba ni safi, kesi ilishaisha.

— Kesi gani? aliuliza Shangazi.

— Haikuwepo.

— Sasa ilishaishaje?

— Ndiyo uzuri wake! Kesi ambayo haikuwepo nayo ikiisha, mtu atakuwa na wasiwasi gani tena? Mwenye macho haambiwi tazama. Nikawatazamisha.

— Mimi yule mama wa miwani, alisema Shangazi, nilimwambia ukweli mtupu, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia chumba cha mbele kina amani ya ajabu. Marehemu alikata roho mle mle, kitanda kile kile, wala hakusumbua mtu. Na shuka tulibadilisha.

— Akasemaje?

— Alishukuru. Akaondoka na haraka zake, nadhani alikwenda kumwambia mumewe.

Ah! Hapo mlango ulifunguka, hata yeye mwenyewe hakujua kaufungua saa ngapi, akajikuta yuko nje mbele ya benchi, kiatu kimoja mguuni, mtoto anachungulia begani, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama maharage kwenye gunia lililotoboka.

— Shikamooni, samahanini, jamani wajomba, jamani Shangazi, mimi nawaheshimu, nyie ndio wazazi wangu hapa, mtoto akiumwa nakimbilia kwenu, lakini haki ya nani mnaniua! Kila mtu anaingia anacheka, anatoka anacheka, akishapita hapa harudi, nami nawaza ni rangi, nikapaka rangi, nawaza ni bei, tukashusha bei, nawaza ni mimi, labda naongea vibaya, labda mtoto analia sana, kumbe ni kesi! Kumbe ni shuka! Au hamtaki niondoke? Semeni. Au mnaogopa atakayenunua atavunja benchi?

Shangazi alichochea jiko lake. Mkaa ulilia kidogo jikoni.

— Habari za benchi kakuambia nani? aliuliza Shangazi.

— Hatujawahi kuongea habari za benchi, alisema Wakili.

— Tumeongea jana, alisema Fundi Bomba.

Shangazi alimtazama Fundi Bomba, jicho lile la kumenya mtu. Kisha aliweka birika chini.

— Mwanangu, ni kweli tuliongea. Tukiondoka hapa hatuna pa kukaa, na wewe ukiondoka hatuna pa kuchota maji ya kahawa, na huyu mtoto ndiye anayetuchekesha. Lakini hatukukuharibia makusudi. Tungefanya makusudi, tungefanya vizuri zaidi.

Binti akataka kulia, akataka kucheka, akashindwa yote mawili.

— Leo anakuja mwingine, alisema. Anakuja sasa hivi. Nawaomba. Msiseme kitu.

— Kitu gani? aliuliza Wakili.

— Chochote!

— Hata salamu?

— Wewe hasa hata salamu, alisema Shangazi. Kunywa kahawa. Kila neno likikujia, funga kwa kahawa.

Hawakumaliza hata kukubaliana. Dalali alitokea kona, mwanamume mwembamba anayetembea kinyumenyume ili asimpe mteja mgongo, akisema mtaa tulivu, mtaa wa heshima, na nyuma yake mama mmoja mnene, kajitanda upande wa kanga, viatu vyenye vumbi, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Fundi wa nguo. Alifika mbele ya benchi, akawasalimia. Wazee wale watatu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyenyanyua mdomo.

Mama mshonaji alisita, akamwinamia dalali.

— Kuna msiba hapa?

— Hapana, mama, hapana kabisa! Wanapumzika tu!

Wakili alifungua mdomo. Shangazi akakijaza kikombe chake. Wakili akanywa.

Wakaingia ndani. Hapo ndipo woga ulipompanda binti hasa, kwa sababu dalali alikuwa amemfundisha, sema machache, tabasamu, onyesha madirisha. Naye machache hana. Akiogopa anasema, ndivyo alivyozaliwa. Walipofika bafuni akasema hili bomba linavuja, siwezi kukuficha, ukiweka ndoo jioni asubuhi utakuta imejaa. Jikoni akasema mlango wa stoo ukifungwa kwa nguvu unagoma, unausukuma kwa nyonga hivi. Kwenye chumba cha mbele akavuta pumzi, akasema hapa ndipo mama mkwe alipofia, alikuwa mtu mwema ila mkali wa sufuria zake, na tunauza kwa sababu baba wa huyu mtoto yuko mbali, juzi alikuja mtoto akamwita mjomba, basi ndiyo hayo, nimemaliza. Dalali alikuwa kaegemea ukuta, kafumba macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Mama mshonaji alivuta futi shingoni. Alikipima chumba cha mbele kwa futi yake, ukuta kwa ukuta, huku anahesabu kwa kunong'ona vyerehani vitakavyoenea. Alifungua dirisha, akatazama mwanga ulivyoingia, akafunga, akafungua tena. Kisha akatoka nje, wao nyuma yake, akasimama mbele ya kijiwe akiwatazama wale mabubu watatu.

— Hili benchi ni la nani?

Swali dogo kama punje ya ulezi, lakini kila jibu lina hasara yake. Akisema ni la nyumba, mama huyu ana haki ya kulivunja kesho, na hawa wazee wataenda wapi. Akisema ni la mtaa, nani atanunua nyumba yenye wageni wa kudumu chini ya dirisha? Alitazama barabara, alimtazama dalali, dalali akatazama viatu vyake. 

Shangazi ndiye aliyesimama kwanza. Akaokota birika lake kwa mkono mmoja na jiko lake kwa mwingine. Fundi Bomba akasimama, akapangusa pale alipokuwa amekaa kwa kiganja, kama mtu anayerudisha kitu cha watu kikiwa safi. Wakili alibaki peke yake katikati ya saruji, akawatazama wenzake, akameza kahawa, akasimama naye.

— La nyumba, alisema. Na haikuongezeka hata sentensi moja.

Binti alimjua Wakili, na akajua sentensi hiyo moja ilivyomgharimu. Machozi yakamjaa.

— Afadhali, alisema mama mshonaji, na akajibwaga pale katikati kwa uzito wake wote, akavua kiatu, akaanza kusugua kisigino. Tangu asubuhi dalali huyu ananitembeza, nyumba hii, nyumba ile, hakuna aliyenikaribisha hata kigoda. Na nyumba zote hazina ubovu! Hata moja! Zote mpya, zote nzuri, nikaanza kuogopa. Mbona mmesimama? Kaeni, mnanizibia upepo.

Wakakaa, pembenipembeni, kama wageni harusini.

— Wateja wangu watakaa wapi wakinisubiri kama si hapa? Nyie mtasogea tu. Binti, nyumba nimeipenda. Kesho namleta mume wangu aitazame, mpeni nafasi aguse kuta na kutikisa kichwa, asije akajua kwamba nimeshaamua. Halafu tuandikishane. Mama, hiyo kahawa ina mwenyewe?

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe. Likatoa tone moja, la pili likafikiria, likarudi. Macho yote yakamgeukia Wakili, aliyekunywa maneno ya alasiri nzima.

— Maji nabandika mimi! alisema binti, na alikuwa ameshafika mlangoni, ameshaupita mlango, mtoto anarukaruka mgongoni, amejaza sufuria, amewasha jiko, akawa anajiambia asifurahi mapema, kesho bado, mume wa watu bado, na huku simu kaishika tayari, jina la baba mtoto liko kwenye kioo, kidole kiko juu yake.

Hapo sauti ya mama mshonaji ikaingia dirishani, tulivu, ya mtu anayeuliza tu kupitisha muda.

— Lakini niambieni nyie wenyeji. Nyumba nzuri hivi, mahali pazuri hivi. Kwa nini haikununuliwa siku zote hizi?

Binti alikaza masikio. Alingoja matajiri wa hotelini, alingoja nyumba za lori na viwanja vya mwezini. Alisikia vikombe vitatu vitupu vikipelekwa midomoni kwa pamoja, na baada ya hapo, tangu aolewe kwenye nyumba ile, kwa mara ya kwanza benchi zima likakosa la kusema.